Namna ya Kuchagua Shahada ya Uzamili Ulaya kwa Anayelenga Kazi ya Hisabati ya Fedha

Wahitimu wa hisabati, takwimu bima (hesabu za hatari za bima), fizikia na uhandisi wanaotaka kwenda Ulaya kusomea hisabati ya fedha huanza karibu wote mahali pamoja: hufungua orodha ya vyuo bora, husoma majina kumi ya kwanza, kisha hutafuta ada. Mpangilio huo humpotosha mtu, kwa sababu shahada ya aina hii ni njia ya kufikia kiti fulani katika mji fulani, na viti hivyo hutofautiana sana kwa kazi, kwa lugha na kwa sheria za ukaazi. Ninapendekeza uanze na kazi yenyewe, ufuatishe kiwango chako cha hisabati, halafu sheria ya nchi, halafu fedha, na jina la chuo lije mwisho. Nimemwandikia hasa msomaji mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki au ya Kongo, maana sheria na fedha humwangukia kwa uzito usiomgusa kijana wa Milano au Lyon atakayeketi naye darasa moja.

Kazi ipi hasa?

Ndani ya benki kubwa za uwekezaji kuna watu wanaounda modeli za kukadiria bei ya mikataba ambayo thamani yake hutokana na mali nyingine, yaani derivativu: opsheni za hisa (haki, bila lazima, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa), mikataba ya kubadilishana riba, ahadi za kununua fedha za kigeni kwa bei iliyokubaliwa leo. Hao ndio walioitwa makwanti mwanzoni, na kazi yao ndiyo iliyozaa shahada hizi. Ilistawi katika miaka ya 1990 hadi mgogoro wa fedha wa 2008, na ingali ipo, lakini nafasi mpya ni chache kuliko zamani na zinadai hisabati nzito. London ndiyo soko kubwa zaidi la kazi hiyo barani Ulaya. Paris inaifuata kwa heshima, kwa kuwa Société Générale na BNP Paribas zilijijengea jina katika derivativu za hisa, na kwa kuwa baada ya Uingereza kutoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020 baadhi ya benki za Marekani zilihamishia Paris sehemu ya wafanyabiashara wao wa masokoni.

Baada ya 2008 wasimamizi walizibana benki, na ajira nyingi zikahamia upande wa hatari: kupima hasara inayoweza kutokea, kuhakiki modeli zilizoundwa na wenzako, na kuandika ripoti ambazo mkaguzi atazisoma mstari kwa mstari. Tangu Novemba 2014 Benki Kuu ya Ulaya, yenye makao Frankfurt, inazisimamia moja kwa moja benki kubwa za ukanda wa yuro, na usimamizi huo umezifanya kazi za uhakiki kuwa za kudumu katika kila mji wenye benki ya namna hiyo. Mtu akiniuliza ni wapi mgeni asiye na jamaa wala wa kumshika mkono anaweza kuanzia, nitamwelekeza huku. Kazi hiyo haina sifa za kusimulia vijiweni, lakini ni shule nzuri, kwa sababu anayehakiki modeli ishirini za watu wengine huona zilivyojengwa, zinavyovunjika, na nani anazitegemea bila kuzielewa.

Upande wa bima haupewi nafasi ya kutosha katika mazungumzo haya. Sheria za Umoja wa Ulaya ziitwazo Solvency II, zilizoanza kutumika Januari 2016, huitaka kampuni ya bima iwe na mtaji unaolingana na hatari ilizozibeba, na kampuni kubwa hukokotoa mtaji huo kwa modeli zao za ndani. Mhitimu wa takwimu bima kutoka Nairobi au Dar es Salaam ameshafika nusu ya njia. Allianz na Munich Re za Munich, au Swiss Re ya Zurich, ni waajiri wa kuwekwa kwenye orodha yake kabla ya benki yoyote.

Kisha kuna kampuni zinazonunua na kuuza mchana kutwa kwa mtaji wao wenyewe, zikipata faida katika tofauti ndogo ya bei. Amsterdam ndiyo kitovu chake barani: Optiver ilianza huko mwaka 1986, IMC mwaka 1989, na Flow Traders mwaka 2004. Huko kichujio cha kwanza ni mtihani wa hesabu za kichwa na wa uwezekano, na jina la shahada huja baadaye. Swali la usaili linaweza kuwa hili: unarusha dadu moja na unalipwa idadi ya nukta zilizotokea. Ukitaka, unaweza kuukataa mrusho wa kwanza na kurusha mara ya pili, lakini wa pili huukatai. Ungelipa kiasi gani kucheza? Wastani wa mrusho mmoja ni 3.5, kwa hiyo mwenye akili ataukataa mrusho wa kwanza ukiwa 1, 2 au 3, na kuupokea ukiwa 4, 5 au 6. Nusu ya nyakati atapata wastani wa 5, na nusu nyingine atarudi kwenye 3.5, kwa hiyo thamani ya mchezo ni 4.25. Msaili ataongeza mrusho wa tatu papo hapo. Sasa mrusho wa kwanza unapokelewa ukiwa 5 au 6 tu, kwa maana 4 iko chini ya 4.25, na thamani inapanda hadi karibu 4.67. Anayeyaona haya bila kushika kalamu ameshaelewa kiini cha opsheni, yaani kwamba haki ya kuamua baadaye ina bei yake. Ambaye swali hili limemchosha na ajiulize mapema kama kazi hii anaipenda au anaupenda mshahara wake.

Mifuko ya uwekezaji inayosaka mienendo ya bei kwa takwimu, kama Winton ya London au CFM ya Paris, huwapendelea wenye shahada ya uzamivu kwa nafasi za utafiti. Ukiilenga mifuko hiyo, chagua shahada ya uzamili ambayo tasnifu yake inaweza kukufungulia mlango wa uzamivu.

Kusoma mtaala, na kujipima

Shahada mbili zinaweza kuwa na jina lilelile na kufundisha mambo tofauti kabisa. Jambo la kwanza la kutazama ni idara inayoiendesha. Shahada ya Hisabati na Fedha ya Imperial College iko chini ya idara ya hisabati. Ile ya Oxford ya hisabati na ukokotoaji wa fedha iko katika taasisi ya hisabati ya chuo hicho. Ile ya Zurich huendeshwa kwa pamoja na ETH, chuo cha teknolojia cha serikali kuu ya Uswisi, na Chuo Kikuu cha Zurich, ikichanganya hisabati ya ETH na uchumi wa fedha. Na EPFL ya Lausanne, chuo ndugu cha ETH, ina shahada ya uhandisi wa fedha ya miaka miwili. Shahada inayoendeshwa na shule ya biashara inaweza kuwa bora kwa anayetaka ushauri wa uwekezaji au ununuzi wa makampuni, lakini kwa kazi nilizozieleza hapo juu mara nyingi haitoshi.

Jambo la pili ni kozi za lazima, hasa kalkulasi ya stokastiki, yaani kalkulasi ya mambo yanayobadilika kwa nasibu. Tafuta maelezo kamili ya kozi hiyo, ambayo vyuo vingi huyaweka wazi mtandaoni, na uone inaanzia wapi. Ikianza na nadharia ya vipimo, matarajio yenye masharti na martingeli (mwenendo wa nasibu ambao wastani wa thamani yake ya kesho, ukiyajua ya leo, ni thamani ya leo), ujue wanafunzi watajengewa msingi. Ikianza na fomula ya Black-Scholes ya bei ya opsheni kama kitu cha kutumbukizia namba, msingi huo utabaki deni kwako. Baada ya hapo angalia mbinu za ukokotoaji: je, kuna kozi ya Monte Carlo (kukadiria kwa kuiga matukio ya nasibu mara nyingi) na ya milinganyo ya difrenshali, na je, wanafunzi huandika programu zao wenyewe kwa lugha za kompyuta za C++ au Python, au hutumia zilizokwisha kuandikwa? Mwisho angalia kama tasnifu inaweza kufanyika ndani ya kampuni, kama ilivyo EPFL, kwa sababu huo ndio mlango wa ajira ambao mgeni huuhitaji kuliko mwenyeji.

Halafu jipime. Chukua karatasi na uthibitishe kwamba mraba wa mwendo wa Brown (mwendo wa nasibu unaotumika kuiga bei), ukiondoa muda uliopita, ni martingeli. Unaigawa thamani ya baadaye kuwa thamani ya sasa na ongezeko. Unafungua mabano ya mraba. Kisha unatumia mambo matatu kuhusu ongezeko hilo: halitegemei yaliyopita, wastani wake ni sifuri, na varyansi yake ni urefu wa muda. Uthibitisho mzima ni mistari minne. Ukiuandika mwenyewe na kueleza kila hatua, uko tayari kwa shahada yoyote niliyoitaja. Ukiufuata ukionyeshwa lakini huwezi kuuanzisha, una miezi sita ya kazi mbele yako. Na kama istilahi zenyewe ni ngeni, tafuta programu ya miaka miwili yenye mwaka wa kwanza wa kujenga msingi, usijitupe katika ile ya miezi kumi.

Mapengo hufuata fani aliyotoka mtu. Mhitimu wa takwimu bima ana uwezekano na takwimu za kutosha, lakini mara nyingi amekosa uchanganuzi wa hisabati na nadharia ya vipimo. Mhitimu wa hisabati tupu ana vyote viwili ila hajawahi kuandika programu yenye mistari mia tano inayofanya kazi. Mhandisi anaijua milinganyo na kompyuta, ila uwezekano aliusoma kwa muhula mmoja na kuusahau. Mhitimu wa uchumi au uhasibu ana safari ndefu kuliko wote hawa, na ninamshauri kwa dhati afikirie kwanza shahada ya ekonometriki, yaani takwimu za kupima uchumi, ambayo Waholanzi wanaifundisha vizuri sana, Rotterdam na Amsterdam wakiongoza, na ambayo humfikisha katika kazi za hatari kwa njia iliyo wazi zaidi.

Nchi na sheria zake

Ufaransa ina shule kongwe kuliko zote katika fani hii. Mwaka wa pili wa uzamili uitwao Probabilités et Finance, wa Sorbonne Université na École polytechnique, uliasisiwa mwaka 1990 na hadi leo wengi huuita kwa jina la Nicole El Karoui, mwanahisabati aliyekuwa miongoni mwa waasisi wake. Mpangilio wa Kifaransa unahitaji kueleweka kabla ya kuomba: uzamili ni miaka miwili inayoweza kuombwa kila mmoja peke yake, na programu hizi mashuhuri ni za mwaka wa pili tu. Mwenye shahada ya kwanza ya miaka mitatu ataomba kwanza mwaka wa kwanza wa hisabati tumizi, kisha ashindanie nafasi ya mwaka wa pili akiwa tayari ndani ya nchi. Njia hiyo ni ndefu, ila ina faida mbili kubwa. Mwaka wa pili hukamilishwa na miezi kadhaa ya mafunzo kazini, na sheria ya Ufaransa inamtaka mwajiri amlipe mwanafunzi yakizidi miezi miwili; benki nyingi huajiri kutoka kwa vijana hao. Pili, mhitimu asiye wa Umoja wa Ulaya anaweza kuomba kibali cha miezi 12 cha kutafuta kazi.

Kikwazo ni lugha, kwa kuwa masomo hayo kwa kiasi kikubwa hutolewa kwa Kifaransa. Hapa msomaji wa Goma, Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, aliyesoma hisabati kwa Kifaransa tangu shule, ana faida ambayo mwenzake wa Nairobi hana, na ningesikitika kumwona akiiacha na kukimbilia London kwa sababu tu jina la London ndilo linalosikika zaidi.

Uingereza ni ya haraka na ya gharama. Shahada ni ya mwaka mmoja, ile ya Oxford ni miezi kumi, na kwa mgeni ada ya programu zinazoheshimika ni karibu pauni 40,000 au zaidi. Kibali cha kubaki baada ya masomo ni cha miaka miwili, ila kwa watakaokiomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 kitakuwa miezi 18. Anayepanga kuanza masomo sasa afanye hesabu kwa miezi hiyo 18. Baada yake utahitaji mwajiri wa kukudhamini, na tangu Julai 2025 kiwango cha jumla cha mshahara kwa udhamini huo ni pauni 41,700 kwa mwaka. Kwa kazi hizi za London kiwango hicho kinafikika. Shida halisi iko kwenye kalenda. Benki hufungua maombi ya ajira za wahitimu mwishoni mwa kiangazi na mwanzoni mwa vuli, nyingine zikifunga mapema, yaani katika wiki zilezile unapotafuta chumba na kujifunza njia za treni, kabla hujapata hata alama moja ya chuo kipya. Anayekwenda huko afike na wasifu uliokamilika na awe amefanya mazoezi ya mitihani ya usaili miezi mitatu kabla ya ndege.

Uswisi inavutia kwa ubora, na ninaiheshimu kuliko nyingine zote kwa hisabati yake, lakini sheria yake ndiyo ngumu zaidi kwa mtu wetu. Mhitimu asiye wa Ulaya hupewa miezi sita ya kutafuta kazi. Ili aajiriwe bila kutanguliwa na Waswisi na raia wa Umoja wa Ulaya, kazi yake lazima ionekane kuwa na umuhimu mkubwa wa kisayansi au kiuchumi, na vibali vya watu wa nje ya Umoja vina kikomo kila mwaka. Wapo wanaofanikiwa, ila usiende ukidhani mlango uko wazi. ETH na EPFL pia zilipandisha ada mara tatu kwa wageni wapya kuanzia vuli ya 2025, na ETH sasa hutoza faranga 2,190 kwa muhula. Kwa chuo cha hadhi hiyo bado ni ada nafuu. Kinachomaliza fedha ni maisha ya Zurich.

Uholanzi ina kipengele ambacho wengi hawakijui. Mhitimu wa chuo cha Kiholanzi anaweza kuomba mwaka mzima wa kutafuta kazi, na maombi hayo yanakubalika ndani ya miaka mitatu baada ya kuhitimu. Nafasi hiyohiyo ipo kwa mwenye shahada ya uzamili ya chuo cha nje kilichomo miongoni mwa 200 bora katika orodha zinazotambuliwa na serikali yao, mradi athibitishe pia lugha. Maana yake ni kwamba aliyesoma ETH na kukwama kwenye sheria za Uswisi, au aliyesoma London na muda wake ukaisha, anaweza kuhamia Amsterdam kihalali na kuzigongea hodi kampuni nilizozitaja. Kipengele hiki peke yake kinaweza kubadilisha uchaguzi wako wote. Vyuo vyenyewe vya Uholanzi, kama TU Delft na Chuo Kikuu cha Amsterdam chenye shahada ya stokastiki na hisabati ya fedha, huwatoza wageni mara nyingi karibu yuro 20,000 au zaidi kwa mwaka.

Ujerumani hutoa miezi 18 ya kutafuta kazi, na majimbo mengi hayatozi ada ya masomo, ila mchango mdogo wa kila muhula. Sifa hiyo ya elimu ya bure imeanza kupungua: jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na TUM, yaani Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Munich, chenye shahada nzuri ya hisabati ya fedha na takwimu bima, kilianza mwaka 2024 kuwatoza wanafunzi wapya wa uzamili kutoka nje yuro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula. Viza inadai uweke katika akaunti maalumu yuro 11,904 kwa mwaka mmoja, ambazo utazichota kidogokidogo kila mwezi. Kijerumani si sharti la kusoma katika programu za Kiingereza, lakini katika kampuni ya bima ya Munich ni sharti la kukaa mezani na wenzako, kwa hiyo kianze siku ileile unayoanza kujaza fomu.

Fedha

Italia nimeiweka hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo nchi ninayoitaja kwanza kwa kijana mwenye hisabati nzuri na mfuko mtupu. Politecnico di Milano ina shahada ya uhandisi wa hisabati yenye mkondo wa fedha, inayofundishwa kwa Kiingereza, na ada hupangwa kwa kipato cha familia, kiwango cha juu kikiwa karibu yuro 3,900 kwa mwaka. Muhimu kuliko ada ni msaada wa serikali za mikoa kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ambao uko wazi kwa wageni pia: humsamehe mtu ada, humsaidia chakula na malazi, na humpa kiasi cha fedha taslimu. Unadai nyaraka za kipato cha wazazi zilizotafsiriwa na kuthibitishwa, na kuzipata kwa familia inayoishi kwa kilimo au biashara ndogo ni kazi ya miezi, maana ofisi nyingi za kwetu hazijawahi kuulizwa karatasi ya namna hiyo. Anza mapema. Mishahara ya Milano iko chini ya ile ya London, lakini mji una makao makuu ya UniCredit na kazi nyingi za hatari, na anayemaliza bila deni ana uhuru wa kuhama baadaye.

Programu za Erasmus Mundus, za Umoja wa Ulaya, hulipa ada na kutoa yuro 1,400 kwa mwezi kwa waliochaguliwa. Iliyo karibu na fani hii ni QEM, inayoendeshwa na Paris 1, Bielefeld, Venezia na Barcelona. Inaegemea uchumi wa kihisabati zaidi ya bei za derivativu, na huwafaa wanaolenga benki kuu au utafiti. Ufadhili wa Eiffel wa Ufaransa huombwa na chuo kwa niaba yako na una ukomo wa umri wa miaka 25 kwa uzamili, kwa hiyo uliza chuo mapema na usisubiri tangazo.

Kuhusu Chevening ya Uingereza niseme wazi. Ni ufadhili mzuri, hulipa kila kitu, na waombaji wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wanastahili, ila unakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Anayeuchukua huku lengo lake ni kiti cha London anajifungia mlango mwenyewe, na kuvunja sharti alilolitia saini si njia ya kuanza kazi katika sekta inayoishi kwa uaminifu. Kwa anayetaka kurudi, lakini, hakuna bora kuliko huo. Soko la Hisa la Nairobi lilifungua soko la derivativu mwezi Julai 2019, benki za kanda zinahitaji watu wa kupima hatari za mikopo na za fedha za kigeni, na mtu aliyefunzwa Imperial na kurudi na fikra pana atakuta kazi nyingi ambayo haijafanywa na yeyote.

Jambo moja silishauri kabisa: familia kuuza kiwanja au kukopa benki ili kulipa pauni 40,000 kwa mwaka mmoja, kwa kutumaini mshahara ambao haujaahidiwa na mtu. Mtoto anayesoma na deni la ukoo mzima mabegani hukubali kazi yoyote itakayotokea kwanza, na hiyo inaondoa maana ya kuchagua.

Kuomba

Anza miezi 15 kabla ya muhula. Vyuo vya Uswisi na programu kadhaa za Uingereza hufunga maombi, au duru yao ya kwanza, karibu na mwisho wa mwaka unaotangulia, na mtihani wa lugha, nakala rasmi za matokeo na pasipoti vyote vina foleni zake. Pamoja na nakala ya matokeo andaa hati ya maelezo ya kozi zako: kila kozi, mada zake, saa zake na kitabu kilichotumika. Profesa wa Paris au Zurich hajui kozi yako ya muhula wa nne ilifika wapi, na hati hiyo ndiyo itakayomshawishi kwamba nadharia ya vipimo uliisoma kweli.

Wadhamini wa kitaaluma wawe waliokufundisha hisabati, hata kama vyeo vyao ni vidogo. Barua ya mhadhiri aliyesimamia mradi wako na kueleza ulivyotatua tatizo fulani ina uzito kuliko ya mkuu wa kitivo asiyekukumbuka. Mwendee kwa adabu, mpe miezi miwili, na mwachie karatasi moja yenye alama zako, mradi wako na programu unazoomba.

Ongeza kazi moja ya mikono yako. Benki Kuu ya Tanzania na ile ya Kenya hutangaza viwango vya kubadilisha shilingi kwa dola kila siku ya kazi. Chukua miaka kumi ya takwimu hizo, kadiria mtikisiko wa bei, pima kama modeli yako ingetabiri hasara kubwa za siku moja, na uandike kurasa sita za kueleza ilikofaulu na ilikoshindwa. Kurasa za ilikoshindwa ndizo zitakazosomwa kwa makini. Mwombaji wa Frankfurt hawezi kuiandika kazi hiyo kwa uelewa wako, kwa sababu hajui shilingi hufanya nini msimu wa mavuno ya korosho au wakati wa kulipa bili ya mafuta.

Kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, watafute wahitimu wawili au watatu wa programu hiyo waliotoka nje ya Umoja wa Ulaya, uwaandikie kwa ufupi. Usiwaulize kama chuo ni kizuri. Waulize walipata mafunzo kazini mwezi gani, nani alidhamini kibali chao, wenzao wangapi wasio raia wa Ulaya walibaki, na ni kozi ipi iliyowafaa kwenye usaili. Takwimu za ajira ambazo vyuo hutangaza mara nyingi huwachanganya raia na wageni katika asilimia moja, na asilimia hiyo haikuhusu.

Ikiwa mwaka wa kwanza utakosa kila kitu, na hutokea kwa wenye uwezo, kuna AIMS ya Kigali, yaani Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, inayotoa shahada ya uzamili ya sayansi za hisabati kwa ufadhili kamili na hualika wahadhiri kutoka nje. Mwaka huo hujaza mapengo ya hisabati niliyoyaeleza, hukupa mdhamini wa kitaaluma anayejulikana Ulaya, na hukuwezesha kuomba tena ukiwa na matokeo ambayo kamati ya Paris au Zurich haitahitaji kuyatafsiri.